Jua la Kijani Ukutani Kwetu

Jirani yangu anapaka rangi geti lake. Tangu asubuhi harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa imeingia ndani kwangu, imekaa kwenye mapazia, imekaa hata kwenye chai, na mimi nimeshindwa kufanya kazi yoyote. Wengine harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi hunirudisha Nyakato, Mwanza, kwenye nyumba za kota za kiwanda, kwenye chumba chetu cha mbele chenye sakafu ya saruji nyekundu, baba yangu amesimama mbele ya kitambaa kipana kuliko kitanda, brashi mkononi, shingo ameipinda upande kama kuku anayesikiliza.

Baba alikuwa mchoraji wa kiwanda cha nguo. Maua ya vitenge, korosho za khanga, zile pindo zinazozunguka nguo nzima bila kuachana, yeye na wenzake ndio waliozibuni kwenye karatasi kubwa kabla hazijapelekwa kwenye mashine. Jumapili kanisani mama alikuwa akinigusa kwa kiwiko na kunionyesha kwa macho mgongo wa mwanamke aliyekaa mbele yetu. "Lile ua la baba yako," alinong'ona. Nilikua nikiamini kwamba wanawake wote wa Mwanza wamemvaa baba yangu.

Kisha mambo yakabadilika, na wenzangu wa rika langu mnakumbuka yalivyobadilika. Mitumba ilijaa hadi barabarani. Mashine za kiwanda zikaanza kunyamaza, leo hii, kesho ile. King'ora kilichokuwa kikituamsha sisi watoto wa kota kikawa siku nyingine kinalia, siku nyingine hakilii, na siku ambazo hakikulia tulichelewa shule na walimu hawakutuchapa, maana nao walikuwa wamechelewa. Watu wazima walilitamka neno mwekezaji jinsi wakulima wanavyoitamka mvua: kwamba anakuja, kwamba ameonekana mahali fulani, kwamba amepita pembeni. Baba na wenzake waliambiwa wakae nyumbani wasubiri.

Katika kusubiri huko ndipo alipotujia Bwana Masatu. Huyu alikuwa mtu wa Musoma aliyetajirika kwa samaki, wakati ule ambapo minofu ya sangara ilikuwa inapakiwa kwenye ndege na sisi wa mjini tunabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Alikuwa anajenga hoteli mtaa wa Mirongo, na alitaka picha moja kubwa ukutani, pale mgeni anapoingia.

"Nataka ziwa," alimwambia baba, amekaa kwenye kochi letu magoti yakiwa juu kwa sababu springi zilikuwa zimekufa. "Nataka mawe yetu, nataka samaki, nataka ngoma, watoto, watu wana raha. Mgeni akifungua mlango tu ajue amefika Mwanza."

"Utaipata," baba alisema.

Mama, aliyekuwa akikaanga mapanki nje na kuwauzia majirani, aliingia na sahani yenye kipande kizuri, akamwekea mgeni mbele. Jioni ile alikuwa akiimba akiosha vyombo. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza tangu kiwanda kinyamaze, tena kazi ya mkono wa baba, si ya kibarua.

Baba alipigilia fremu ya mbao humo humo chumba cha mbele, akavuta juu yake kitambaa cha kiwandani ambacho hakijatiwa rangi, akakipaka gundi. Alianza mvua za masika zilipoanza. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nikitoka shule nilikaa juu ya gunia kwenye kona, nikanyamaza kimya, kwa sababu niligundua kwamba nikinyamaza sifukuzwi.

Alianza na juu, akashuka chini. Jua, mawingu, kisha maji. Siku moja mama aliingia amebeba beseni, akasimama.

"Baba Kabula," alisema taratibu. "Jua la kijani?"

Baba alirudi nyuma hatua kadhaa, akaligeuzia jua lake shavu, akacheka. "Hii ni sanaa, Mama Kabula. Jua la kila siku watu wamelizoea."

"Na ziwa nalo? Jekundu hivyo kama udongo wa tofali?"

"Sanaa," baba alisema tena.

Kuanzia kesho yake tukawa na mchezo mimi na yeye. Alikuwa akifungua kopo, ananiuliza, "Kabula, hii ni rangi gani?" Nami najibu, "Nyekundu, baba." "Na hii?" "Kahawia." "Na hii?" "Kijani kama ya majani ya muhogo." "Vizuri sana." Nilijua ananifundisha. Nilivimba kichwa. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ananiandaa niwe mchoraji, na kwamba sijakosea hata rangi moja. Alianza pia kunipa gazeti nimsomee, akasema kusoma kwa sauti kunanyoosha ulimi. Baiskeli yake aliiegemeza nyuma ya nyumba, akasema mnyororo umechoka, akawa anatembea kwa miguu. Katika hayo yote sikuona jambo la ajabu. Baba alikuwa hana kazi, na baba asiye na kazi ana nafasi ya kukaa na mtoto wake. Ndivyo nilivyoelewa.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Baba alikuwa ameacha kunitazama. Nikimsalimia, "Shikamoo baba," alijibu marahaba huku akitazama sikio langu, au ukuta ulio karibu na sikio langu. Nikihamia upande ule aliokuwa akitazama, macho yake yalihama tena. Mama alikuwa na msemo wake, kwamba mtu asiyekutazama machoni ana jambo anakuficha. Nilijiuliza baba ananificha nini, na kila nikijiuliza nilipata jibu moja, lile ambalo mtoto hulipata kwanza: kwamba hanipendi tena.

Picha ilipokamilika ndipo nilipoamini.

Niwaelezeeni jinsi ilivyokuwa, maana sijawahi kuona nyingine kama ile. Juu kulikuwa na lile jua la kijani. Chini yake ziwa jekundu, na ndani ya ziwa yale mawe yetu yanayokaa moja juu ya jingine, ila hayakukaa moja juu ya jingine. Jiwe la chini lilikuwa majini, jiwe la juu lilikuwa hewani, na katikati palikuwa na kijivu tu, kama moshi uliokosa moto. Sangara mkubwa alikuwa na kichwa na mkia, lakini tumbo hakuwa nalo. Mcheza ngoma alikuwa ameinua nyoka, na nyoka yule alikuwa vipande viwili visivyokutana. Na watu, wale watu wenye raha aliowaagiza Bwana Masatu, walikuwa na nywele, walikuwa na masikio, vilemba, hereni, kola za mashati zilizochorwa uzi kwa uzi. Sura hawakuwa nazo. Mahali pa macho, pua na mdomo pote palikuwa kijivu.

Mbele kabisa, kando ya maji, alisimama mtoto wa kike mwenye gauni la njano lenye mfuko mmoja. Gauni lile lilikuwa langu. Mama alinishonea Krismasi. Hata mfuko ulikuwa upande wake sahihi. Na juu ya kola ya gauni langu kulikuwa na kile kijivu.

Nilikwenda kwenye kioo cha mama, kile cha kutundika chenye ufa, nikajitazama. Uso ulikuwepo. Kesho yake nilijisugua kwa jiwe la miguu hadi mashavu yakawaka. Nilipaka mafuta mengi. Nilimwomba mama anisuke upya. Nilikuwa nafikiri kwamba nikiwa msafi sana, nikiwa mtoto anayeng'aa, baba atanikumbuka nilivyo na atachukua brashi animalizie.

Bwana Masatu alikuja na pikapu yake kuchukua picha. Alisimama mbele yake, funguo zikiwa kidoleni, akaacha kuzizungusha.

"Masanja," alimwambia baba, "hawa watu wamefanyaje?"

"Ni mtindo mpya," baba alisema.

"Mtindo." Alisogea karibu, akarudi nyuma. "Ndugu yangu, mimi nafungua hoteli. Nani atakula samaki mbele ya watu wasio na sura? Mtu akishapata bia mbili atakimbia." Alijaribu kucheka, kisha akamwona mama amesimama mlangoni, akaacha. "Nisamehe, mama. Siwezi." Akaondoka na pikapu tupu. Baba alibaki amesimama pale pale, akitazama pembeni ya mlango.

Aliyemwokoa baba siku ile, au tuseme tuliyedhani amemwokoa, alikuwa Mwalimu Bwire. Huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, Mjita, mwalimu wa Kiswahili na siasa katika sekondari, mtu mwembamba aliyezungumza kama vile kuna watu mia wamekaa mbele yake. Alisikia picha imekataliwa, akaja kuiona. Alikaa kwenye gunia langu. Alikaa muda mrefu mpaka chai aliyopewa ikapoa.

"Masanja," alisema hatimaye, "hukuniambia."

"Sikukwambia nini?"

"Kwamba una haya moyoni mwako." Alisimama, akaanza kutembea mbele ya picha kama yuko mbele ya ubao. "Tazameni. Jua la kijani ni nini? Ni tunda lisiloiva. Tumeambiwa kumekucha, mambo huria, biashara huria, lakini jua lenyewe bichi! Ziwa jekundu: ni jasho letu, ni damu ya samaki wetu, minofu inakwenda Ulaya. Sangara ana kichwa na mkia, tumbo liko wapi? Limeliwa! Na mawe haya yanaelea kwa sababu kilichoyashika kimeuzwa. Na watu..." Hapo alishusha sauti. "Watu hawana sura, kwa sababu mfanyakazi akiondolewa kiwandani, nani tena anamtambua?"

Majirani waliokuwa mlangoni waliguna. Mama alishika shavu. Nilimtazama baba, nikaona bega lake, lililokuwa limeshuka tangu pikapu iondoke, linapanda taratibu.

"Umeiona," baba alisema.

Mimi nilikuwa na swali langu. Nilimvuta Mwalimu shati. "Mwalimu, na yule mtoto wa gauni la njano?"

"Yule ni taifa la kesho. Halijapata sura bado."

"Lakini ni mimi."

Alinishika kichwa akacheka. "Wewe ni mfano tu, Kabula."

Kuanzia hapo watu walikuja. Walikuja wafanyakazi wa kota waliokuwa wakisubiri kama baba, wakasimama mbele ya picha, wakatikisa vichwa, kila mmoja akimtafuta asiye na sura aliyefanana naye kwa shati. Mama Anastazia wa jumuiya yetu alikuja na rozari, akasema ni roho za toharani na akatuombea. Baba aliwakubalia wote. Aliyesema ni siasa alimjibu ndiyo, aliyesema ni roho alimjibu ndiyo. Alikaa kwenye kiti chake, kikombe mkononi, na mimi sikuwahi kumwona akisifiwa na watu wengi namna ile. Hakuna aliyeuliza mchoraji anaonaje. Waliuliza anamaanisha nini.

Baba mkubwa, kaka yake, alitoka Kisesa, kijijini kwao, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Yeye alikuwa mfugaji, na alizungumza Kiswahili cha kwetu, kile ambacho herufi ya r haina kazi. Alimtazama yule mcheza ngoma na nyoka wake aliyekatika, akavua kofia.

"Huyu ni babu," alisema. "Babu alicheza nyoka. Masanja, masamva, mizimu yetu, wanakudai. Hii siyo langi, hii ni ndoto umeletewa."

"Ni picha tu, kaka."

"Picha ya nani? Wewe ulimwona babu wapi?"

Walikwenda wote wawili Kisesa, karibu na Bujora, wakachinja mbuzi kwa ajili ya wazee waliotangulia. Baba alirudi amevaa uzi mweusi mkononi. Nilikimbia kumpokea, nikasimama mbele yake kabisa, nimejipaka mafuta, nimenyanyua uso. Alitazama sikio langu. "Nani? Kabula?" aliuliza, mchana kweupe.

Habari ilitufikia kwamba mwekezaji amekuja kweli. Ilibandikwa getini kwamba wachoraji waliotaka kurudi kazini wafike wakapimwe. Mama alimpigia pasi kaunda suti yake ya kijivu kwa pasi ya mkaa. Shule zilikuwa zimefungwa, na baba akasema, "Kabula atanisindikiza." Mama alishangaa kidogo. Mimi sikushangaa. Niliona kwamba mafuta na kusukwa vimefanya kazi.

Hakunishika mkono. Aliweka kiganja chake begani kwangu, tukatembea hivyo, mimi mbele kidogo. Tulipofika barabara kubwa alisema, "Ikiwa wazi, uniambie." Nilimwambia. Malori ya pamba na ya samaki yalipita mbele yetu, yakapita, kisha nikasema, "Sasa," naye akavuka nami kwa imani kubwa kama mtoto.

Chumba cha wachoraji kilikuwa ghorofani, chenye madirisha mapana. Vumbi lilikuwa limelala juu ya meza zote isipokuwa moja. Hapo walikaa bosi wake wa zamani, mzee mwenye mvi aliyemfahamu tangu ujana, na kijana mwenye tai ambaye alikuwa mtu wa mwekezaji. Nilikalishwa kwenye benchi karibu na mlango. Juu ya meza waliweka tawi la mpamba lenye vitumba vilivyopasuka, pamba nyeupe ikichungulia.

"Tuchoree hili, mzee," kijana alisema. "Liwe la kitenge."

Baba alichukua penseli. Mwanzo mkono wake ulikwenda kama zamani. Jani moja, jani la pili, kona kali ya jani pale inapokatika. Yule bosi wa zamani alitabasamu akamgeukia mwenzake, kama kusema si nilikwambia. Halafu baba aliinamia lile tawi. Aliinama zaidi. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akainama tena hadi pua yake ikakaribia pamba.

Nilianza kusikia kabla sijaona. Penseli juu ya karatasi ina sauti yake, na penseli juu ya mbao ina yake. Sauti ilibadilika, nikainuka kidogo kwenye benchi, nikaona mstari umevuka ukingo wa karatasi, unaendelea mezani, na mkono wa baba unaufuata kwa umakini mkubwa, unachora kitumba kizuri cha pamba juu ya mbao tupu.

"Mzee," kijana alisema. Hakusema kwa dharau. Laiti angesema kwa dharau. "Mzee, karatasi imeishia hapo."

Baba aliacha kuchora. Alipapasa meza, akaupata ukingo wa karatasi, akakaa na kidole juu yake.

"Penseli imeteleza," alisema.

"Masanja, unaumwa?" aliuliza bosi wake wa zamani.

"Nipeni karatasi nyingine."

Wakampa nyingine. Mimi nilikaa tena, nimeweka mikono chini ya mapaja. Nilijua kuna jambo natakiwa kulifanya, nikatafuta ni lipi, sikulipata. Nje dirishani kunguru walikuwa wakigombana juu ya bati. Safari hii baba hakutoka nje ya karatasi. Alichora majani kuzunguka pande zote, mazuri, na katikati pa karatasi, pale penye pamba, hakuweka kitu.

"Tutakuita, mzee," kijana alisema.

Tulipotoka hakuweka mkono begani kwangu mara moja. Aliutafuta ukuta wa ngazi, akashuka nao. Tulipofika kwenye kalavati la mfereji ule ambao zamani ulikuwa ukipitisha maji ya rangi kutoka kiwandani, leo bluu, kesho zambarau, alisema tukae. Maji yalikuwa kidogo, hayana rangi.

"Simama mbele yangu," aliniambia. Nikasimama. Alinyoosha uso wake moja kwa moja kwangu, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu masika.

"Sasa sikuoni," alisema. "Nikikutazama, unaondoka. Katikati panakuwa kama moshi. Nikitazama kule kwenye nguzo ya umeme," akageuza macho, "unarudi. Naona gauni. Naona nywele, umesuka. Lakini uso hauji, mwanangu. Kila nikiufuata unakimbia."

"Kwa hiyo kwenye picha..."

"Nilichora nilichokuwa nakiona. Nilijua jicho litapona, nije kujaza."

"Na Mwalimu Bwire?"

Alicheka, na kicheko kilipoisha hakikuisha vizuri. "Mwalimu ana akili nyingi. Alinipa maana, nikaipokea. Ningesemaje, Kabula? Watu walikuwa wananiheshimu."

Ni ajabu, lakini kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Hanichukii! Kumbe hanichukii! Nilitaka kuruka. Halafu nikamwona analitafuta bega langu kwa mkono, analikosa, analitafuta tena, nikalipeleka mahali ulipokuwa mkono.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni. Hakuuliza kuhusu kazi. Alimtazama baba akivuka kizingiti, akasema, "Leo utaniambia?"

Baba alipapasa ukuta wa mlangoni.

"Tangu masika nakuwekea kikombe mahali pamoja ili usikimwage. Pale pale kila siku. Nilikuwa nakungoja useme wewe mwenyewe." Kisha akakaa chini pale pale sakafuni, khanga yake ikamfunika uso. Baba alisimama juu yake, akitazama pembeni ili amwone.

Tulimpeleka hospitali kubwa. Daktari alimmulika kwa kurunzi ndogo, akamwonyesha vitabu vya rangi, akamwambia asome namba ambazo mimi niliziona na yeye hakuziona. Alisema mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakauka katikati. Huenda ni dawa za kiwandani, huenda ni ugonjwa wa ukoo, huenda ni kitu kingine, hakuweza kusema.

"Tungekuja mapema?" mama aliuliza.

"Mama, hata mngekuja mapema, sijui kama ningekuwa na la kufanya."

Nilimchukia daktari yule kwa miaka. Sasa nafikiri kwamba katika wote waliomsomea baba maana ya ile picha, ni yeye peke yake aliyekubali kusema hajui.

Mwalimu Bwire alipoelezwa alikaa kwenye gunia akanyamaza, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Mwisho alisema, "Lakini maana inabaki. Maana haimtegemei mchoraji." Mama alimjibu kwamba aende na hiyo maana akaipike. Alikwenda, na tulidhani hatarudi. Jumamosi alirudi na gazeti, akamsomea baba ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti yake ile ya watu mia, na aliendelea hivyo kila Jumamosi mpaka tulipohama.

Maana tulihama. Kiwanda hakikumwita baba, na nyumba ilikuwa ya kiwanda. Baba mkubwa alikuja na gari la kukodi kutuchukua. Vitu vyote vilitoka, vitanda, kochi, beseni za mama. Picha haikutoka. Fremu ilikuwa imepigiliwa ndani na ilikuwa pana kuliko mlango, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria hata siku ile ya pikapu. Baba mkubwa akasema tuikate. Baba akasema hapana, iacheni hapo hapo. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Nilimtazama yule mtoto wa gauni la njano amesimama kando ya ziwa jekundu katika chumba kitupu, na sikujua nani atahamia, na atamwelezaje.

Kisesa baba hakupona wala hakuzidi sana. Alijifunza kukamua ng'ombe, kupukuchua mahindi, kuwajua watu kwa mwendo wao. Hakushika brashi tena. Mimi nilisoma, nikaenda mbali, chuoni, nikawa narudi mara moja moja. Likizo moja, nilipokwisha kuwa mtu mzima, nilimkuta nyuma ya nyumba na debe la mahindi kati ya magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Aligeuza macho kwenye zizi, ili anione. Alikaa hivyo muda mrefu, vidole vikiwa vimeacha kazi. "Bado nakuona wa darasa la tatu," alisema. "Najua si kweli. Niambie sasa ukoje."

Nikaanza. Nikasema nimerefuka, nimempita mama. Nikasema nywele nimekata. Nikasema navaa hereni ndogo.

"Hayo nayaona mwenyewe, hayo ni ya pembeni," alisema. "Uso."

Nikasema pua ni ya mama. Nikasema macho ni ya kawaida.

"Kawaida vipi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, na kazi niliyokuwa nasomea ilikuwa ya maneno. Baba alingoja, macho kwenye zizi, gunzi mkononi, na mimi sikuwa na neno hata moja la kumpa.